Usonji unapojificha nyuma ya ugonjwa mwingine

Huenda umewahi kusikia ikisemwa kwamba watoto wenye hali ya Down ni wacheshi kupita kiasi, kwamba hawajui kununa na kwamba humkumbatia kila mgeni aingiaye nyumbani. Maneno haya yana ukweli kiasi, na mara nyingi husemwa kwa nia njema ya kumliwaza mama aliyetoka kujifungua. Hata hivyo, ni maneno hayo hayo yanayomfanya mzazi wa mtoto wa Down asiyemcheka mtu, asiyegeuka anapoitwa, akae na wasiwasi wake moyoni kwa miaka bila kujua amweleze nani.

Ninaandika haya kwa sababu yametukia katika ukoo wetu. Dada yangu, anayeishi Lanet, viungani mwa jiji la Nakuru, ana mvulana mwenye hali ya Down, nami ndimi mjomba wake. Mtoto huyu alichelewa kukaa, akachelewa kutambaa, na hayo yote tulikuwa tumeambiwa tuyatarajie. Alipokaribia kutimiza miaka miwili alikuwa amejua kupiga makofi akiimbiwa, kupunga mkono, na kutamka neno moja au mawili. Kisha, katika muda wa miezi michache, makofi yakakoma, mkono ukaacha kupungwa, na maneno yale yakapotea. Akawa anaweza kukaa saa nzima akizungusha kifuniko cha sufuria sakafuni.

"Kaka," dada yangu aliniambia siku moja, "huyu mtoto hanihitaji mimi. Anahitaji mkono wangu tu." Alikuwa na maana kwamba mtoto akitaka maji, humshika mama kifundo cha mkono na kuuvuta hadi kwenye kikombe, pasipo kumtazama usoni hata kidogo, kana kwamba mkono ule ni kijiko.

Katika kliniki moja alikompeleka alijibiwa kwa upole kwamba watoto wa Down ndivyo walivyo, awe na subira. Nyanya yake mtoto naye alishikilia kwamba wavulana huchelewa kusema, akataja majina ya wajomba watatu waliosema wakiwa na miaka minne na leo hawanyamazi. Bila shaka kila mmoja alitaka kumtuliza mama. Lakini kuchelewa kupata neno ni jambo moja, na kupoteza neno ambalo tayari ulikuwa nalo ni jambo jingine kabisa.

Hapa yafaa tueleze kidogo. Hali ya Down ilielezwa kwa mara ya kwanza na daktari Mwingereza, John Langdon Down, mwaka 1866. Mwaka 1959, Mfaransa Jérôme Lejeune na wenzake walitangaza kwamba watoto hao wana kromosomu 47 badala ya 46 za kawaida. Usonji nao, ambao wengine huuita tawahudi, ulielezwa na Leo Kanner huko Marekani mwaka 1943, alipoandika juu ya watoto 11 waliojitenga na watu na kushikilia mambo yale yale kila siku. Kwa muda mrefu waganga waliamini kuwa hali hizi mbili haziwezi kukutana katika mtoto mmoja. Leo inajulikana kwamba hukutana, na si kwa nadra. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 takriban mtu mmoja kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Miongoni mwa watoto wa Down, tafiti zilizokusanywa pamoja zinaonyesha kuwa ni karibu mmoja kati ya sita.

Basi mbona hauonekani mapema? Kwa sababu jina la kwanza humeza la pili. Mtoto akishaandikiwa katika kijitabu cha kliniki kwamba ana Down, kila jambo linalofuata hutupwa katika kapu hilo moja. Hasemi? Ni Down. Hachezi na wenzake? Ni Down. Anajipiga kichwa ukutani? Ni Down pia. Ndiyo maana watoto hawa mara nyingi hutambuliwa kuwa na usonji wakiwa wamepita umri wa kwenda chekechea, ilhali mtoto asiye na ugonjwa mwingine wowote angetiliwa shaka mapema zaidi.

Jambo ambalo lingefaa kumfungua macho mzazi ni hili: mtoto wa Down asiye na usonji huchelewa kusema, lakini hachelewi sana kuwasiliana. Huiga. Hutabasamu ukimtabasamia. Hutumia mikono yake kukueleza anachotaka, na hapo huweza kumpita hata mtoto wa jirani. Kwa hiyo usihesabu maneno peke yake, tazama ishara. Mwoneshe kwa kidole matatu inayopita na useme, "Ona!" Je, anatazama matatu, au anatazama kidole chako, au hatazami chochote? Akiokota kitu kizuri, hukuletea ukione, si kwa kuwa anataka umfungulie bali umsifu tu? Watoto wengi huanza kuelekeza kidole kati ya mwaka mmoja na mwaka mmoja na nusu. Mtoto wa Down anaweza kuchukua muda mrefu zaidi, lakini ishara hizo zinapokosekana kabisa hata pale anapokuwa amekua katika mambo mengine, hapo pana swali la kuulizwa.

Wengine watasema kwamba kwetu mtoto hafundishwi kumkazia macho mtu mzima wala kumnyoshea kidole, kuwa ni utovu wa adabu. Ni kweli. Lakini adabu hiyo hufundishwa mtoto akishapata fahamu. Mtoto mchanga aliye mgongoni, awe ni wa Molo, Njoro au Gilgil, bado huutafuta uso wa mamake na kuushangaa.

Kabla ya kutaja usonji, masikio yapimwe. Watoto wengi wa Down hupata maji nyuma ya ngoma ya sikio, wakawa wanasikia kwa mbali kama mtu aliye chini ya kisima. Asiyegeuka akiitwa huenda hajasikia. Tezi ya shingoni pia huweza kufanya kazi kwa uzembe na kumfanya mtoto mzito wa mwili na wa akili, na hilo hujulikana kwa kupimwa damu. Mpwa wangu alipatikana na maji masikioni, akatibiwa, tukafurahi tukidhani shida imekwisha. Alianza kugeuka akisikia mlio wa kifuniko kile kikianguka. Sauti ya mamake aliendelea kuipuuza.

Down si hali ya pekee inayoandamana na usonji. Ipo hali ya X dhaifu, ambayo jeni yake iligunduliwa mwaka 1991. Hii hurithiwa, na huwaathiri wavulana zaidi. Kati ya theluthi moja na nusu ya wavulana hao huwa na usonji. Wengi wao si kwamba hawataki watu. Wanawataka, ila aibu na hofu huwalemea, wakaugeuza uso huku wakikupa mkono, au wakajiuma mkono wanapochanganyikiwa.

Hali nyingine ni tuberasi sklerosi, na hapa ningeomba msomaji asome polepole. Katika hali hii vivimbe vidogo humea katika ubongo na viungo vingine. Ngozi huwa na madoa meupe yenye umbo la jani, ambayo huenda yakaonekana tangu utotoni. Hadi nusu ya watoto hao huwa na usonji. Wengi wao huanza na kifafa cha aina isiyofanana na kile tukijuacho: mtoto wa miezi mitatu hadi minane hujikunja ghafla kwa sekunde moja au mbili, mikono ikatanuka, kisha hutulia, kisha hurudia tena na tena, hasa anapoamka. Hana povu wala haanguki. Nyumbani husemwa kuwa ni tumbo linamsokota, au ameshtuka tu usingizini. Ukiona hivyo mrekodi kwa simu na umpeleke hospitalini siku hiyo hiyo, maana kifafa hiki kisipozuiwa mapema huharibu ukuaji wa akili, na daktari akiona picha haitaji kubahatisha.

Tukirudi kwa akina mama. Katika boma nyingi za Bonde la Ufa, swali la kwanza mtoto wa namna hii azaliwapo si atatibiwaje bali ametoka upande gani. Dada yangu aliulizwa hivyo na wakwe zake, wala si mara moja. Ukweli ni kwamba katika watoto wa Down takriban 95 kati ya 100, kromosomu ile ya ziada hutokea kwa bahati tu, wala haikurithiwa kwa baba wala kwa mama. Ni kweli umri mkubwa wa mama huongeza uwezekano, lakini akina mama vijana nao huwazaa. Tuberasi sklerosi pia, katika takriban theluthi mbili za watoto, huanza upya bila mzazi yeyote kuwa nayo. X dhaifu ndiyo hupitia katika ukoo, na hata hiyo haina laana ndani yake. Kumfukuza mwanamke kwa ajili ya jambo hili ni ukatili, nami sioni neno jingine la kuliita.

Je, mzazi aende wapi? Tangu mwaka 1984, Wizara ya Elimu, kwa msaada wa Denmark, ilianza kufungua vituo vya kuwatathmini watoto wenye mahitaji maalumu, na vikasambaa wilayani kote. Hata Nakuru mtoto hutathminiwa bila kusubiri afikie umri wa kuingia shule. Hospitali kuu ya kaunti ndiyo mahali pa kuanzia kwa masikio, damu na kifafa. Katika Nairobi, wazazi wenyewe walianzisha Chama cha Usonji cha Kenya mwaka 2003. Huko Pwani, watafiti wa Kilifi, akiwemo Profesa Amina Abubakar, walitunga kipimo cha ukuaji wa watoto wa miezi 6 hadi 35 kinacholingana na mazingira ya huku, maana mtoto hawezi kuhukumiwa kwa mchezo ambao hajawahi kuuona.

Ipo pia fomu ya maswali 20 iitwayo M-CHAT, kwa watoto wa miezi 16 hadi 30. Hujazwa na mzazi. Lakini tahadhari: mtoto wa Down au X dhaifu huweza kuonekana na usonji katika fomu hiyo kwa sababu tu amechelewa kukua, kwa hiyo jibu lake ni sababu ya kumwona mtaalamu, si hukumu.

Mpwa wangu alithibitishwa kuwa na usonji akiwa na miaka minne. Kilichomsaidia mamake kusikilizwa ni daftari la shilingi chache. Kila Jumapili jioni aliandika tarehe na jambo alilofanya mtoto au aliloacha kufanya: "Hajapunga mkono tangu Pasaka." "Amevuta mkono wangu mara tano, hakunitazama." Mtaalamu alilisoma lote kabla hajamgusa mtoto.

Dawa ya kuuondoa usonji haipo, na anayekuuzia ni mwizi. Kazi yenyewe ni ya nyumbani na haina haraka. Dada yangu alifundishwa kukaa sakafuni uso kwa uso na mtoto, kukishika kile kifuniko cha sufuria karibu na macho yake mwenyewe, na kungoja. Mtoto akitupa jicho hata mara moja, anapewa. Ilichukua wiki nyingi. Sasa ana picha za kikombe, ndizi na mlango zilizobandikwa ukutani, na akitaka kutoka nje huugonga mlango ule wa karatasi, kisha humtazama mamake.