Salamu ya Mlangoni

Nilipopata kazi ya uhudumu wa ndege, ndugu zangu walifurahia sare, lugha za watu na zawadi za safari. Mimi nami niliiona kazi kwa jicho hilohilo. Huduma ya kwanza ilikuwa somo mojawapo tu: tulisoma, tukatahiniwa, tukafaulu. Niliamini kwamba abiria akiugua, wajibu wangu ni kutoa tangazo la kumtafuta daktari, kisha nimpishe.

Aliyenigeuza ni muuguzi mstaafu aliyetufundisha kwenye mafunzo ya marejeo. Hakuanza na bandeji. Alianza na Ellen Church, muuguzi wa Marekani ambaye mwaka 1930 aliishawishi kampuni ya Boeing Air Transport imwajiri yeye pamoja na wauguzi wengine saba kuwahudumia abiria. Ndege za enzi hizo ziliruka chini, zikiyumbishwa na upepo, watu wakitapika na kuingiwa na hofu. Kumbe kazi yangu ilianzia mikononi mwa wauguzi! Sharti la uuguzi liliondolewa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wauguzi walipohitajika jeshini. Wagonjwa waliendelea kusafiri.

Kisha akatuuliza: abiria wa Dar es Salaam akishapaa, mwili wake uko wapi? Ndege ikiwa mita 11,000 juu, hewa ya kabini haishindiliwi mpaka ikawa sawa na ile ya Kariakoo. Huachwa iwe kama ya mahali palipoinuka hadi mita 2,400 kutoka usawa wa bahari. Kwenye Boeing 787 ni kama mita 1,800, yaani Nairobi. Mwenye afya hahisi kitu. Lakini mwenye moyo dhaifu, mapafu mabovu au upungufu wa damu, aliyekuwa akijimudu vizuri uwanjani, huko juu hana tena akiba. Nikaelewa kwa nini tunawaona watu wanazimia hali wameketi tu, wala hawajafanya kazi yoyote. Tangu siku hiyo nilianza kuwatazama abiria kwa namna nyingine, na kuwatazama kwenyewe kunaanzia mlangoni.

Ndege zinazorudi Dar kutoka Mumbai hubeba wafanyabiashara, wanafunzi, na watu waliokwenda kutibiwa moyo, figo au saratani. Safari moja alipanda bibi mmoja, nyuma yake mwanawe. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi." Akaanza kuitikia, akakwama, akavuta pumzi, ndipo akamalizia: "Marahaba, mwanangu." Kwenye njia alishika mgongo wa kila kiti alichokipita, na miguu ilikuwa imevimba. Nilimfuata hadi alipoketi, nikachutama, nikamuuliza mwanawe kwa sauti ya chini. Ni moyo, akasema. Ametoka hospitali juzi, barua ya daktari anayo. Kiongozi wetu akaipeleka kwa kapteni. Ilimruhusu kusafiri, nasi tukamhamishia kiti cha karibu na jiko la nyuma, ulipo mtungi wa oksijeni.

Tukiwa juu ya bahari akaanza kutweta, midomo ikabadilika rangi. Utaratibu wetu ni wa watu watatu. Anayemkuta mgonjwa habanduki. Wa pili huleta oksijeni, sanduku la huduma ya kwanza na mashine ya kushtua moyo, hata kama bado haijahitajika. Wa tatu huzungumza na kapteni na kutoa tangazo. Mimi ndiye niliyemkuta. Nilimkalisha wima, maana mwenye maji kwenye mapafu ukimlaza unazidi kumziba pumzi, nikamvisha barakoa, nikawa nahesabu pumzi zake kwa saa. "Vuta polepole, bibi, nipo hapa." Mwanawe alikuwa analia; nikampa kalamu aandike dawa zote za mama yake na saa alizozimeza.

Daktari alipatikana safu za mbele. Alipofika alimkuta mgonjwa anapata oksijeni, orodha ya dawa ipo, na hesabu ya pumzi imeandikwa. Akafungua lile sanduku la dawa ambalo sisi haturuhusiwi kulitumia wenyewe, akamchoma sindano ya kutoa maji. Bibi alishuka Dar kwa kiti cha magurudumu, akizungumza, na gari la wagonjwa lilikuwa linamsubiri.

Aliyemtibu ni daktari. Lakini dakika za kabla yake zilikuwa zangu, na moyo ukisimama dakika hizo ndizo zinazoamua. Kila dakika inayopita bila kifua kukandamizwa wala moyo kushtuliwa inapunguza nafasi ya mtu kupona kwa asilimia 7 hadi 10. Daktari aliyelala na vizibo masikioni huenda hata tangazo hakulisikia. Kwa hiyo siku hizi mafunzo ya marejeo nayafanya mpaka jasho linitoke: mikandamizo 30 ya kifua kwa pumzi 2, kwa mwendo wa 100 hadi 120 kwa dakika, kifua kibonyee angalau sentimita 5. Tunafanya mazoezi hata ya kumburuta mtu hadi penye nafasi ya kupiga magoti, kwa sababu katikati ya viti haiwezekani.

Jambo linaloniumiza hadi leo ni watu wetu kuficha maradhi, wakihofia kushushwa. Dawa za presha na sukari wanazifungia kwenye begi kubwa linaloingia tumboni mwa ndege, ambako angani hakuna mhudumu awezaye kufika. Nikimwona mzee anapanda mikono mitupu, baada ya shikamoo namuuliza, "Dawa zako, baba, unazo hapa?" Akisema ziko kwenye begi, nawahi kuwaita wenzetu wa chini walitafute kabla mlango haujafungwa.