Masanga mbili za Mwenda
Mwaka 1952, Likasi ingali inaitwa Jadotville, Hugh Tracey alimrekodi hapa Jean Bosco Mwenda akipiga Masanga: gitaa peke yake, bila kuimba. Kuna pia Masanga Njia, ambamo Mwenda anaimba.

Kule Kikula, mzee mmoja aliyekimbia vita Mitwaba husikiliza zote mbili kwenye telefoni ya mjukuu wake. Gitaa lake lilibaki kijijini. Kijana anapenda ile ya kuimba. Mzee anakataa: mle gitaa linaipisha sauti, lakini katika ile nyingine kidole gumba na cha shahada vinasemezana kama watu wawili. Na kweli, si mwongo.

“Rudisha nyuma, mjukuu wangu.”

Vidole vyake vinatembea juu ya goti, halafu vinakwama, kila mara mahali palepale.