Mimi nilitaka gari la kulala, bi mkubwa alitaka Pangani

 

Leo sizungumzii shela wala lesi, ingawa wengi mnanijua kwa hayo. Nataka kuwasimulia jinsi nilivyokaribia kununua gari la shilingi milioni 28 kwa ajili ya likizo tu, na sehemu ya fedha zile hazikuwa zangu. Nimeona haya kuandika, lakini huenda ikamsaidia mmoja wenu.

Ilikuwa mwezi wa Rajabu mwaka jana. Mama mmoja wa Kijerumani, mtu mzima, aliingia dukani kwangu hapa Bagamoyo na mapazia yaliyochanika. Yalikuwa mafupi, kama ya dirisha la nyumba ya watoto. Nikamuuliza ni ya wapi, akanishika mkono kwenda kunionyesha. Yeye na mumewe wamestaafu. Walikuwa wametoka Kenya wanashuka mpaka Afrika Kusini, na nyumba yao ni gari. Walikuwa wameliegesha kwenye uwanja wa hoteli moja ya ufukweni.

Ndani kulikuwa na kitanda, jiko la gesi la mafiga mawili, sinki, friji ndogo, na nyuma ya mlango mwembamba kuliko wa kabati la nguo kulikuwa na choo na bomba la kuogea. Nilienda na tepu yangu kupima madirisha, lakini nikajikuta napima na kitanda. Moyoni nilikuwa nishawapanga watoto wangu watatu, huyu huku, huyu kule.

Mnaojisitiri mtanielewa. Kwenda pwani na familia kwetu ni kazi. Utabadilisha nguo wapi? Utapata wapi maji safi ya udhu na pahala pa kuswali bila kukanyagwa? Mtoto akilala utamlaza wapi? Nikaona gari lile ndilo jibu. Mlango wangu, maji yangu, mswala wangu. Baba watoto ni dereva wa ofisi moja Dar es Salaam, anaondoka Jumatatu alfajiri na kurudi Ijumaa usiku. Likizo zetu zote zimekuwa za kulala kwenye mkeka kwa ndugu.

Na kuna bi mkubwa. Mamaangu kazaliwa Bweni, ng'ambo ya mto Pangani, akaolewa Bagamoyo. Dada yake mkubwa alibaki kule. Kila mwaka mama ananiambia, "Mwanangu, nipeleke nikamwone dada yangu." Na kila mwaka namjibu, "Tukipata gari, mama."

Basi nikaanza kutafuta. Magari ya aina ile yapo Japani, yaliyotumika, na picha zake ukizitazama usiku hulali. Nikapata moja la dola 14,000 mpaka bandarini Dar es Salaam. Kwa bei ya dola ya wakati ule ilikuwa kama milioni 36. Nikampelekea wakala wa forodha anipigie hesabu.

Gari lilikuwa na zaidi ya miaka 10 na injini imezidi cc 2,000. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, hapo milioni 9. Ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini ni asilimia 10, na ushuru mwingine kwa sababu ya uzee wa gari ni asilimia 30. Hizi mbili hazipigwi kwenye ile 36, zinapigwa baada ya kujumlisha ushuru wa kwanza. Halafu VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya vyote. Kodi peke yake ikapita milioni 38, yaani kodi ilizidi gari. Bado tozo ndogo ndogo, gharama za bandari, wakala mwenyewe na namba za usajili. Nikafunga simu nikaendelea kukata nguo.

Lakini shetani wa kununua haondoki kwa mlango mmoja. Nikajiambia, kwa nini nisitafute Hiace iliyokwishasajiliwa hapa hapa, fundi seremala akaniwekea kitanda cha kukunja, kabati na tangi la maji? Seremala akasema milioni 6 inatosha. Shoga yangu akanishauri nikope. Riba sitaki, nikaenda kuulizia murabaha kwenye benki inayofuata sharia. Wao hununua gari, kisha hukuuzia kwa bei inayojulikana tangu mwanzo, unalipa kidogo kidogo. Ni halali, alhamdulillah, lakini deni ni deni. Ukikosa bibi harusi miezi miwili, mwezi wa kulipa haukusubiri.

Siku moja ya Shaabani, saa nne asubuhi, dalali akanipigia. "Dada, Hiace yako imepatikana. Milioni 28, safi, mwenyewe anasafiri kesho. Lipa leo, kuna mtu mwingine anaitaka."

Nikafungua programu ya benki kwenye simu. Salio: milioni 28 na laki sita.

Dada zangu, hapo ndipo pa kunisikiliza. Ile namba ilikuwa moja, lakini fedha zilikuwa za watu wengi. Milioni 21 zilikuwa zetu, mimi na mume wangu, akiba ya miaka minne. Milioni 7 na laki sita zilikuwa arbuni za mabibi harusi wa Mfungo Mosi, waliolipa mapema ili ninunue vitambaa. Nalijua hilo vizuri, kwa sababu kila mwaka nikipiga hesabu ya zaka nina daftari lenye safu mbili, "yangu" na "ya watu". Daftari lilikuwa mezani, chini ya mkasi. Sikulifungua. Nilijiambia Mfungo Mosi ni mbali, nitakuwa nimezirudisha.

Nilikuwa nishaandika namba ya akaunti simu ilipoita. Mmoja wa mabibi harusi wangu. "Anti, mambo yamebadilika. Bwana harusi kapewa ruhusa mapema kazini kwake Muscat. Ndoa ni Ijumaa ya wiki ijayo, kabla ya Ramadhani. Utaweza?"

Yeye alikuwa amenilipa milioni 1 na laki nane kwa nguo yake na za wapambe sita. Ilibidi siku ile ile niende Kariakoo nikanunue lesi na satini. Kama simu ile ingechelewa dakika tano, ningekuwa nimebaki na laki sita. Ningemwambia nini? Fedha yako nimenunulia gari la kwenda kupunga upepo?

Nikakaa chini sakafuni. Wasichana wangu wawili wa kazi wakaacha cherehani wakanitazama. Nikampigia dalali: "Mpe huyo mwingine." Nikapanda basi la Dar.

Ijumaa baba watoto aliporudi nikamweleza yote. Hakunifokea. Aliniuliza tu, "Hizo saba na laki sita ulikuwa unazihesabu ni za nani?" Sikuwa na jibu. Siku hiyo hiyo nilianza kupanga kufungua akaunti ya pili, ya arbuni tu, na sasa ninayo.

Kisha tukakaa na daftari. Yeye gari anazijua, na husema gari si kununua, gari ni kulisha. Hesabu yake ilikuwa hivi.

Bima kubwa nilivyohesabiwa ni asilimia 3.5 ya thamani ya gari. Kwa gari la milioni 28 ni shilingi 980,000 kwa mwaka, bado VAT. Bima ndogo ni rahisi zaidi, lakini gari likiungua au kuibiwa umelia peke yako.

Matairi, oili, betri. Na sisi tunakaa pwani, upepo wa chumvi unakula bati usiku na mchana. Gari linalosimama uani miezi kumi linaoza kuliko linalotembea.

Pa kulala. Nilidhani ukiwa na gari la kulala hulipi malazi. Kumbe yule mama wa Kijerumani alikuwa analipa kila usiku kuegesha ndani ya ua wenye mlinzi na maji. Hata Saadani, hifadhi yetu hapa jirani, unalipia watu, unalipia gari, na kupiga kambi unalipia pia. Na mimi na watoto nitaegesha porini nilale? Silali.

Mwisho akaniuliza, "Sisi tunasafiri siku ngapi kwa mwaka?" Sheria inampa siku 28 za likizo, lakini anazichukua vipande vipande. Ukitoa misiba, harusi za ndugu na Idi, tulihesabu usiku nane. Milioni 34 pamoja na seremala, kwa usiku nane.

Mama alikuwa barazani anachambua mchele, anasikia kila kitu. Akasema bila kuinua kichwa, "Mimi sikukuomba gari, mwanangu. Nilikuomba Pangani."

Nilinyamaza muda mrefu. Miaka yote ile nilikuwa namlipisha mamaangu bei ya gari kwa safari isiyohitaji gari letu.

Likizo ya shule ya mwezi wa sita ilipofika tukakodi Noah siku tatu. Baba watoto akaendesha. Njia ya pwani ya Saadani ni fupi, lakini tulikuwa na mtu mzima, tukapita ya lami: Msata, daraja jipya la Wami, Segera, Muheza, Tanga, kisha tukashuka Pangani. Mama alikaa mbele. Tuliswali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza kwenye msikiti wa njiani wenye sehemu ya wanawake, safi, na maji tele. Lile tatizo langu la udhu lilikuwa limetatuliwa zamani na watu waliojenga misikiti.

Asubuhi tukavuka mto kwa pantoni. Mama alikuwa anawaonyesha wajukuu: pale walikuwa wakivua kamba, kule minazi ya babu yao. Akawasimulia Bushiri bin Salim, aliyepigana na Wajerumani pwani yote hii, Bagamoyo kwetu ikiwemo, mpaka wakamnyonga hapo hapo Pangani mwezi wa Desemba 1889. Mwanangu wa kwanza alimsikiliza kuliko anavyomsikiliza mwalimu wake.

Mama mkubwa macho yalikuwa yameshafifia. Alimjua mdogo wake kwa sauti. Walishikana mikono wakakaa kitandani kutoka saa tatu mpaka Magharibi, wakila wali wa nazi kwa samaki na kucheka mambo ya utotoni ambayo sisi hatukuyaelewa. Pwani sikwenda kabisa siku ile.

Hesabu ya safari ni hii. Noah siku tatu 360,000. Mafuta 220,000, lita ilikuwa chini kidogo ya 3,000. Vyumba viwili usiku mbili 180,000. Chakula na zawadi 190,000. Jumla 950,000. Ile bima kubwa peke yake ingeipita. Na milioni 28 ningeweza kwenda safari kama hiyo mara 29. Kwa mara mbili kila mwaka, ni zaidi ya miaka 14.

Mama mkubwa alifariki Mfungo Sita. Mwenyezi Mungu amrehemu. Nikiwaza kwamba ningekuwa bado namngoja seremala amalize kabati, mwili unanisisimka.

Kwa mabibi harusi wangu, maneno machache. Mtapoanza maisha mtaona vitu vingi vya furaha, gari, makochi, fungate ya mbali. Kutaka si dhambi. Lakini kabla hujalipa, jiulize mambo matatu. Fedha hii yote ni yangu, au ndani yake kuna ya mtu? Kitu hiki nitakitumia siku ngapi kwa mwaka? Na kuna mtu namwambia "ngoja tukipata", wakati anachokitaka kinawezekana mwezi huu? Na mkipata fedha pamoja, wewe na mumeo, andikeni. Salio la kwenye simu halisemi ni la nani.

Msidhani nimepona. Juzi gari jingine la kulala limeegeshwa pale pale ufukweni, la kijani, nami nilipita mara mbili kulitazama. Inshaallah huenda siku moja, kwa fedha ya safu ya "yangu" tu. Kwa sasa tuna kisanduku cha safari jikoni, kila wiki naweka elfu ishirini. Mama kashasema mwaka huu anataka kuja huko kwenu Unguja. Nimemwambia ndiyo, na tiketi za boti nimeshaanza kuuliza bei.

Niombeeni dua, na nyinyi nawaombea ndoa zenye baraka.

Wabillahi tawfiq.