Mchagua Jembe si Mkulima

Wahenga walinena kuwa mchagua jembe si mkulima. Methali hii yamfaa kijana wa Muthangari aliyehitimu masomo ya sanaa kisha akaketi kungoja mtaji.

Si mbali na mtaa huo, katika eneo la Kilimani, ndipo kilipohamia Kuona, kituo cha wasanii kilichoanza mwaka 1995 katika Makumbusho ya Taifa. Baadhi ya karakana zake huko zilikuwa makontena ya zamani. Humo alifanyia kazi Cyrus Kabiru, aliyekulia karibu na jaa la Dandora. Utotoni alitamani miwani. Babake akamwambia ajiundie mwenyewe. Akaunda, kwa nyaya, vifuniko vya chupa na vyuma vilivyotupwa. Mwaka 2015 miwani hiyo ilionyeshwa Ujerumani, katika maonyesho ya Making Africa.

Ni kweli, sanaa haina mshahara wa mwisho wa mwezi, na kodi ya nyumba haingoji. Hata hivyo, malighafi iliyookotwa hupunguza gharama pamoja na taka, na karakana ya pamoja humpa chipukizi walimu wasiodai karo. Anayengoja mtaji na atazame kwanza kilichotupwa mlangoni pake.