Kalamu Nyekundu na Dawati la Kona

Nilimkosea mwanafunzi wangu kwa miaka miwili, nami nikidhani namtendea wema.

Alipoingia kidato cha kwanza nilimpa dawati la kona ya nyuma, mbali na madirisha. Ana ualbino, na mimi niliyewahi kuhudhuria semina ya siku moja nilijua kwamba jua huunguza ngozi yake. Habari ya macho nadhani ilisemwa baada ya chakula cha mchana, nikisinzia. Kwamba upungufu wa melanini hugusa na jicho, mwanga mkali ukalisumbua, na miwani isimalize tatizo, sikutoka nayo.

Mazoezi yote niliyaandika ubaoni, maana wanafunzi 70 na rimu moja ya karatasi havikutani. Kengele ikilia, ubao ulifutwa. Nilijisifu kwa ubao safi. Alama zake hazikuvuka 30. Daftarini nilimwandikia "Kuwa makini!" kwa wino mwekundu. Alipomwuliza jirani yake ubaoni pana nini, nilimsimamisha kwa kupiga soga. Mwisho wa kidato cha pili mwalimu wa taaluma aliniuliza kama anafaa mkondo wa sayansi. Nikasema hapana.

Januari matokeo ya upimaji wa kitaifa yakatoka. Hisabati: B.

Nilidhani kaibia. Nikakaa na wazo hilo hadi Aprili, nilipotafuta maswali ya zamani kabatini nikaikuta karatasi aliyofanyia upimaji. Ilikuwa imechapwa kwa maandishi makubwa. Baraza la Mitihani humpa mtahiniwa mwenye uoni hafifu karatasi ya namna hiyo, na kwa Hisabati humwongezea dakika 20 kwa kila saa. Nililijua hilo. Sikuwahi kulihusisha na ubao wangu.

Nikaomba daftari lake la mwaka uliopita. Mimi niliandika 3x − 5 = 16. Yeye alinakili 8x − 5 = 16, akapata 21/8, hatua kwa hatua, bila kosa. Nikafunua ukurasa mwingine, na mwingine. Sita imegeuka nane; alama ya kutoa haipo. Alikuwa akijibu sawasawa maswali ambayo sikuyauliza, nami nikimpa sifuri.

Nilimwomba radhi. "Sawa, mwalimu," alisema, kisha akauliza kama anaweza kuhamia dawati la mbele.

Fizikia na Kemia alikuwa ameshaziacha. Alimaliza kidato cha nne bila masomo hayo.

Siku hizi nasoma kwa sauti kila ninachoandika, na ubao haufutwi mpaka mapumziko yaishe. Mwenye uoni hafifu namwandikia maswali kwenye karatasi kwa kalamu ya maka. Kalamu moja hunitosha muhula mzima.

Mwalimu mwenzangu, ukiwa na mtoto wa namna hii, usimwulize kama anaona. Atakujibu ndiyo. Fungua daftari lake utazame alichonakili.