Siku Moja Unguja: Kanisa la Mkunazini na Ngoma ya Ngome Kongwe

Twapenda kuwasimulia habari za siku moja tuliyotembea katika mji wa Unguja, tangu asubuhi hata usiku, maana tuliyoyaona yawahusu wazazi na walimu wote ambao watoto wao husikia ngoma ikilia, wakauliza, "Je, twaweza kwenda?"

Tulikuwa watu saba. Tulivuka bahari kutoka Dar es Salaam, mwendo wa kama saa mbili kwa chombo cha kasi, tukashuka bandarini, tukaenda kwa miguu mpaka Mkunazini. Njia za Mji Mkongwe ni nyembamba, na nyumba zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Milango ina nakshi za maua, na samaki, na minyororo.

Huko Mkunazini ndiko lilikokuwa soko la watumwa. Watu walioletwa kutoka bara, hata kutoka nchi za Nyasa, waliuzwa hapo, mpaka Sultani Barghash alipokubali mkataba wa tarehe 5 Juni 1873, soko likafungwa. Siku ya Krismasi ya mwaka ule ule jiwe la msingi la kanisa likawekwa mahali pale pale. Na Krismasi ya 1877 watu wakasali ndani yake. Msimamizi wa kazi alikuwa Askofu Edward Steere, yule aliyefasiri Agano Jipya kwa Kiswahili. Paa lake alilifanya kuba ndefu, kwa vipande vya matumbawe vilivyochanganywa na saruji. Wengi walidhani litaanguka, lakini mpaka leo limesimama. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu.

Sakafuni, mbele ya madhabahu, pana duara la marumaru. Wenyeji husimulia ya kuwa hapo ndipo uliposimama mti ambao watumwa walifungwa na kuchapwa. Pana na msalaba uliochongwa kwa mti wa Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia; ndiko alikofariki Livingstone mwaka 1873, na moyo wake ukazikwa huko chini ya mti. Nje ya kanisa mna shimo, na ndani yake sanamu tano za watu waliotiwa mnyororo shingoni, kazi ya mchongaji Clara Sörnäs wa Uswidi.

Mwaka 1876 Askofu Steere aliongoza kundi la watu waliokombolewa utumwani warudi bara, nao wakakaa Masasi. Mwenzetu mmoja, mwalimu mstaafu, ni wa uzao wa watu wale. Alisimama ukingoni mwa shimo muda mrefu, kofia mkononi, wala hatukumsemesha.

Alasiri tulipita kanisa la Minara Miwili, tukafika pwani mbele ya Beit el-Ajaib. Jumba hilo lilijengwa mwaka 1883. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake kubwa ilianguka, watu wawili wakafa. Jua lilipokuchwa tukakaa Forodhani. Wachuuzi wakawasha taa zao. Tukala mishikaki, tukanywa maji ya miwa yenye ndimu na tangawizi.

Karibu na hapo ni Ngome Kongwe, ambayo Waarabu wa Omani waliijenga baada ya kuwafukuza Wareno, mahali palipokuwa na kanisa la Wareno. Ndani ya ua wake mna jukwaa na viti vya mawe, na jioni ile palikuwa na ngoma. Langoni yule mwalimu wetu akasimama.

"Ndugu zangu," akasema, "wazee wangu walipobatizwa waliacha ngoma. Mimi nitaingiaje?"

Mama mmoja katika sisi akamjibu kwa heshima, "Mwalimu, Miriamu alipotoka utumwani hakushika tari, na wanawake wote wakamfuata wakicheza?"

"Kweli, mama, ndiyo Kutoka 15. Lakini soma na 32. Watu wale wale walicheza mbele ya ndama."

Hakuna aliyeweza kumpinga. Hata hivyo akaingia, akaketi mwisho wa safu.

Kwanza wakapiga kidumbak: ngoma ndogo mbili, fidla, na sanduku lenye kamba livumalo kama besi. Kisha wakaja wanaume wa msewe, ngoma ya Pemba, wamefunga miguuni majani makavu, kila hatua ikilia. Mwisho wanawake wa lelemama, wamejitanda kanga, wamesimama safu moja, mikono yao ikienda polepole pamoja. Tukakumbuka ya kuwa zamani watumwa walivaa merikani tu, na baada ya utumwa kukomeshwa hapa mwaka 1897, wanawake wengi waliokuwa watumwa wakajinunulia kanga za rangi, ili wasijulikane tena kuwa mali ya mtu. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu ambaye sauti yake ilitiwa katika sahani za santuri huko Bombay mwaka 1928, naye alizaliwa katika jamaa ya utumwa.

Tulipotoka, mwalimu alisema neno moja tu: "Wale wa shimoni wasingaliweza kuinua mikono hivi."

Basi, wapenzi, hatusemi ya kuwa ngoma zote ni njema. Ziko ngoma za kupunga pepo, na ziko za ulevi, ambazo watoto hurudi alfajiri na aibu. Wazee wetu waliziacha kwa haki. Lakini wengine walizipambanua. Huko Masasi Askofu Vincent Lucas hakulifuta jando, bali alilifanya liwe la Kikristo. Basi mtoto akikuuliza, usimjibu upesi ndiyo wala siyo. Muulize: ngoma hii yamtukuza nani? Wachezaji wanywa nini? Nawe utarudi nyumbani saa ngapi, na pamoja na nani? Ikiwa majibu ni mema, nenda pamoja naye, ukaketi karibu naye. Na njiani mkirudi, msimulie habari za Mkunazini, apate kujua ni watu gani waliokatazwa kucheza.