Kwenda Dundee Kuitafuta p53

Treni inayotoka Edinburgh kwenda Dundee huvuka maji mara mbili, na mara zote mbili niliacha kula. Kwanza ni daraja la Forth, lundo la vyuma vyekundu lililofunguliwa mwaka 1890. Kisha, baada ya mashamba ya Fife, unafika mto Tay unapokaribia bahari, na daraja la hapo ni refu, zaidi ya kilomita tatu. Kijana aliyekaa mbele yangu akanionyesha dirishani visiki vya mawe vilivyojipanga majini kando yetu. Ni nguzo za daraja la kwanza, akasema. Lilianguka usiku wa dhoruba tarehe 28 Desemba 1879 treni ikiwa juu yake, na hakuna abiria aliyepona. Haya aliyasema tukiwa katikati ya mto. Nikamshukuru kwa taarifa.

Nilikuwa nimetumwa kujifunza kazi moja: kutumia kingamwili kuitambua protini iitwayo p53 ndani ya seli za binadamu. Hii ni mojawapo ya zile protini zinazokaa juu ya vinasaba na kuamuru jeni ipi isomwe na ipi inyamaze. Vinasaba vikijeruhiwa, p53 huwasha jeni za kuizuia seli isigawanyike mpaka jeraha lizibwe. Jeraha likishindikana, huiamuru seli ijiue. Karibu nusu ya saratani za binadamu zina p53 iliyoharibika. Katika hospitali yetu, Tanga, vipande vya uvimbe havikosekani mezani, kwa hiyo jina hilo nililijua siku nyingi. Kuitafuta kwa mkono wangu ndiko nilikokuwa sijawahi.

Jambo la kwanza kunichanganya halikuwa sayansi, lilikuwa jua. Ilikuwa Juni, na saa tatu usiku watoto walikuwa bado wanacheza mpira nje ya dirisha langu. Magharibi iliingia kwenye saa nne usiku. Nilikaa kitandani nimeshika ratiba ya sala niliyopewa msikitini nikidhani imekosewa chapa, mpaka nilipoliona jua lenyewe linazama kwa uvivu usio na mfano. Kwetu jua likiamua kuzama, linazama. Nililala usiku mfupi, na alfajiri ikaniwahi kabla sijaota ndoto.

Asubuhi nikaingia maabara, nikakutana na la pili. Wanafunzi wanamwita profesa wao kwa jina lake la kwanza, mbele yake, tena wakitafuna biskuti. Aliniambia nami nimwite hivyo. Ulimi ulikataa. Nikaendelea na “Profesa”, naye akawa anacheka kila ninapolitamka. Aliyenifundisha kazi hasa ni fundi mkuu wa maabara, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, ambaye kimoyomoyo nilimwita Mama tangu saa ya kwanza, maana alianza kwa kuniuliza kama nimekula.

Alifungua friza la nyuzi 80 chini ya sifuri, na mimi, mtu wa nchi ambako umeme ukikatika kila jicho hugeukia jenereta, nikauliza kwanza wana jenereta ngapi. Kisha akanitolea kichupa kidogo kuliko kifundo cha kidole changu. Ndani yake, barafu ilipoyeyuka, mlikuwa na matone ya maji safi kabisa, yasiyo na rangi wala harufu. Hiyo ndiyo DO-1, kingamwili ya kuitambua p53.

Nilisikia fahari ya kuishika mahali ilipozaliwa. DO-1 ilitengenezwa Dundee mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika maabara ya David Lane, na makala yake ikatoka mwaka 1992. Lane huyo ndiye aliyeigundua p53 mjini London mwaka 1979 pamoja na Lionel Crawford, mwaka uleule ambao kundi la Arnold Levine liliiona huko Princeton, Marekani. Tena waligundua kwa kingamwili! Walikuwa wakiivua protini ya kirusi kinacholeta uvimbe kwa wanyama, na kila walipoivuta, hii nyingine ikaja imeing’ang’ania. Kwa muda wa miaka kumi wataalamu waliidhania mkosaji, kwamba ndiyo inayoleta saratani. Ni mwaka 1989 ndipo ilipothibitika kwamba kazi yake ni kuizuia.

Mama akanieleza inavyotengenezwa. Panya hudungwa protini ya binadamu, mwili wake ukaunda kingamwili za kuikabili. Seli za wengu wake zinazounda kingamwili hizo huunganishwa na seli za saratani ambazo hazijui kufa. Njia hiyo ilibuniwa Cambridge mwaka 1975 na Georges Köhler na César Milstein, nao wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 1984. Seli chotara hiyo huishi na kuzaana, na uzao wake wote hutoa kingamwili ya aina moja tu. Kwa hiyo panya yule wa Dundee alikufa zaidi ya miaka 30 iliyopita, na kingamwili yake bado inauzwa dunia nzima. Nilitaka kucheka, nikaona labda si adabu.

Sasa, kingamwili inaitambuaje p53 miongoni mwa maelfu ya protini za seli? Wazia umetumwa stendi ya mabasi kumpokea mtu usiyemjua, ukaambiwa tu kwamba ana kovu kwenye sikio la kushoto. Humwangalii miguu, humuulizi kabila. Unatafuta kovu. Mnyororo wa p53 una viungo 393, na DO-1 hutambua vichache tu, karibu na cha ishirini. Ikivikuta, inashika. Hatari yake umeshaiona: itakuwaje ikiwa stendi ile ina wengine wenye kovu?

Tulianza na seli. Moja ya aina tulizotumia huitwa MCF-7, zilizotoka mwaka 1970 kwa mtawa Mmarekani aliyeugua saratani ya matiti, Frances Mallon. Zinakaa ndani ya kabati la joto la nyuzi 37, mahali pekee pale Dundee ambapo mkono wangu haukutaka kutoka. Seli zikiwa na amani, p53 haionekani sana. Kila inapoundwa, protini nyingine iitwayo MDM2 huitia alama ya kuvunjwa, nayo haidumu hata nusu saa. Ili ijitokeze lazima seli iumizwe. Mama akachukua dawa nyekundu, nami nikaijua kabla hajaitaja: doksorubisini, ileile tunayowatundikia wagonjwa wa saratani nyumbani. Inavunjavunja vinasaba. Miaka yote nimeiona inaingia mkononi mwa mgonjwa kwa mpira. Hapa niliiona inadondoka katika sahani ya seli, na kwa mara ya kwanza nikaanza kufikiria kinachotokea baada ya hapo.

Seli zikapasuliwa, protini zake zikachemshwa katika sabuni na kuvutwa kwa umeme ndani ya jeli, ndogo zikikimbia mbele na kubwa zikibaki nyuma. Zikahamishiwa kwenye utando mweupe mithili ya karatasi. Kisha Mama akafungua kabati la juu akatoa kopo la maziwa ya unga. Maziwa yenyewe, ya dukani, ya kutia kwenye chai! Nikadhani tunapumzika. Kumbe utando huogeshwa katika maziwa ili nafasi zote tupu zijae, kingamwili isipate pa kunata ovyo. Hapo ndipo woga wangu wa maabara ile ulipoisha. Baada ya mashine za bei ya nyumba, kazi ilikuwa imesimama juu ya kopo la maziwa.

DO-1 ilichanganywa sehemu moja kwa elfu, utando ukalazwa ndani yake kwenye baridi usiku kucha, unatikiswa polepole. Asubuhi ikaongezwa kingamwili ya pili, ya mbuzi, inayoshika kingamwili za panya, nayo imebeba kimeng’enya kilichotolewa katika mzizi mkali ambao Waingereza hula na nyama. Kimeng’enya hicho kikipewa chakula chake hutoa mwanga. Tukaingiza utando ndani ya kamera, tukasubiri.

Katika safu ya seli zilizopewa dawa ukatokea mstari mmoja mweusi, mnene, usawa wa kilodaltoni 53, kipimo cha uzito wa protini. Kwa hesabu ya viungo vyake protini hii ingepaswa kusimama karibu na 44, lakini hutembea kwa uzito kwenye jeli, na jina likabaki hivyo. Mimi nilikuwa tayari kupiga picha niitume nyumbani. Mama hakuutazama mstari ule. Kidole chake kilikuwa kwenye safu ya jirani, ambako hapakuwa na kitu. Zile ni seli za H1299, za saratani ya mapafu, ambazo haziundi p53 kabisa. “Hapa ndipo ninapoangalia kwanza,” akasema. Akanionyesha picha ya zamani ya kingamwili nyingine iliyonunuliwa kwa pesa nzuri: mstari ulikuwepo mahali pake, na ulikuwepo vilevile katika H1299. Ilikuwa inamshika mtu mwingine mwenye kovu. Nimefanya kazi ya maabara miaka mingi nikifurahia majibu yanayotokea. Kumwona mtu anafurahia pasipotokea kitu kulinichukua muda kuelewa, na sasa sioni namna nyingine ya kuinunua kingamwili yoyote.

Siku ya kuondoka tulikunywa chai, na Profesa akaniuliza tunataka kuitumia DO-1 kwa lipi. Nikamtajia saratani ya ini. Akanyanyuka. Mwaka 1991, akasema, uvimbe wa ini kutoka Qidong, China, na kusini mwa Afrika ulipatikana na jeraha lilelile kwenye p53, kiungo cha 249, na mshukiwa ni sumukuvu. Akaonya kwamba DO-1 itaishika p53 nzima na iliyojeruhiwa vilevile, kwa sababu kovu inalolitafuta liko mbali na jeraha hilo. Kuzitofautisha kutahitaji kusoma jeni yenyewe.

“Hiyo sumukuvu inaingia wapi kwenu?” Mama akauliza.

Nikamwambia: kwenye mahindi na karanga, zikivunwa na kuwekwa kabla hazijakauka vizuri, hasa zikianikwa chini mvua ikazikuta.

“Na mkipika haifi?”

“Haifi. Ugali unaiva, yenyewe inabaki.”

Akatoa kalamu, akageuza nyuma ya bahasha, akataka nimchoree ghala letu lilivyo, mlango uko wapi na upepo unapita wapi. Treni yangu ilikuwa saa nane na nusu mchana. Nilikuwa bado nachora turubai la kuanikia.